Nilikuja Kutafuta Herufi S

Luthuli, Jumamosi. Kila duka lina ngurumo yake,
na kila ngurumo inamtukana jirani.
Gichohi ananifungulia spika ndefu kama milango,
anaongeza sauti hadi kikombe chake cha chai
kinatembea chenyewe mezani.
"Sikia hiyo, dada! Hii inatikisa ploti nzima."
Namwambia, punguza.
Wengine huja kwako kutafuta mtetemo,
mimi nimekuja kutafuta herufi S.

Miaka thelathini na mmoja baba alikata mabati
kule Eneo la Viwanda, pamba tu masikioni,
na mashine ikamla sauti kuanzia juu:
kwanza ndege, kisha kengele ya mlango,
kisha S, kisha F,
kisha mwanzo wa jina langu, Syombua.
Siku hizi tukitazama filamu anacheka nyuma yangu,
kicheko cha mtu aliyesoma uso wa mwenzake kwanza.

Kwa hiyo milango sikununua.
Nilichukua ile fupi ya katikati, ya maneno,
nikamwomba Gichohi aweke taarifa ya habari, si muziki,
nikafumba macho: serikali, sukari, msiba.
Kila neno lilifika na meno yake.
Kisha mbili ndogo za pembeni, mbili za nyuma,
na sabufa moja, hiyo kwa ajili ya nyayo za baba,
maana besi bado anaisikia, inampandia kwenye soli.
Gichohi alipiga hesabu juu ya kadibodi
akinitazama kama mteja aliyekuja na mzani wake.

Umoja, ghorofa ya nne. Waya naumenya kwa meno;
mama angekuwepo angenikemea.
Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.
Ukipishanisha, hakuna kitakachoungua,
ila spika mbili zitabishana, moja ikisukuma nyingine ikivuta,
na besi ipotelee katikati
kama mtoto wa wazazi walionuniana.

Sabufa niliisukumia pembeni, kama kila mtu.
Dakika tano, na Bi Kerubo wa ghorofa ya tatu
akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio.
Baba akatazama miguu yake.
"Nani anabisha hodi huko chini?"

Basi tukafanya kioja.
Sabufa tukaiketisha kwenye kiti cha baba,
na sisi wawili sakafuni, magoti na viganja,
tukatambaa kando ya ukuta.
Pale utakapoisikia vizuri ukiwa chini,
hapo ndipo pake; ihamishie hapo, na kiti kitasikia.
Baba, miaka sabini na miwili, shavu karibu na zulia,
anapapasa saruji kama alivyokuwa akipapasa ukingo wa bati.
Pembeni: uji. Chini ya dirisha: hakuna kitu.
Kando ya kabati la vyombo mkono ukasimama.
"Hapa," alisema. "Hapa inaongea, hailewi."
Mimi sikusikia tofauti. Niliuamini mkono.
Tukaiweka hapo, juu ya kipande cha godoro kuukuu,
kwa heshima ya Bi Kerubo.

Usiku ule alicheka mara mbili pamoja nami,
mara moja baadaye.
Kama S ilimfikia, sijui; sikumuuliza.
Halafu filamu ikaingia msituni, mawingu yakajikusanya,
ngurumo ikatoka kabatini, mvua ikaanza migongoni mwetu,
na baba akainuka bila neno,
akafungua mlango wa roshani,
akaanza kuanua nguo.

Nje nyota zilikuwa zote mahali pake.
Nilimfuata nimwambie, nikachungulia chini:
Bi Kerubo, kitambaa kichwani, vibanio mdomoni,
anaanua zake mbio mbio.
Nikanyamaza.
Nikashika upande wa pili wa shuka.