Sahani ya Pili

Kila Alhamisi natelemka ngazi kumi na moja
hadi ghala la parokia, nyuma ya kiwanda cha nguo
kilichofungwa nikiwa na miaka arobaini na miwili.
Viganja vyangu bado vinatetemeka kwa mdundo wa mitambo.
Nje, hapa Łódź, theluji imegeuka tope.
Ndani: kadibodi, sabuni, sufuria za marehemu.

Naam, za marehemu. Watoto wao huzileta
kabla maua hayajanyauka kaburini:
mashuka yenye herufi za jina la mtu,
birika la buluu lililobonyea ubavuni.
Tunasugua. Tunahesabu. Tunafunga kamba.

Leo ni zamu ya Kinga,
miaka kumi na minane na siku tatu.
Makao ya watoto yamemuaga kwa keki na bahasha;
manispaa imempa chumba, ghorofa ya nne;
ufunguo kautundika shingoni kwa kamba ya kiatu.
Haketi. Anaisoma orodha yangu
kama mtu asomaye hati ya mashtaka.

"Mbona sahani mbili? Niliwaambia niko peke yangu."

Radosław naye, alipotoka jela,
aliisukuma ya pili kwa ncha ya kidole
kana kwamba inaunguza.

"Moja ikivunjika," namjibu.
Uongo. Mkesha wa Krismasi, kwetu,
huwekwa sahani tupu kwa asiyetarajiwa.
Sisi tumeifanya hivyo mwaka mzima,
ila hatuwaambii.

Eti mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Sawa. Na mpini?
Na wa kumwonyesha shamba linaanzia wapi?

Usiku, saa tano, simu yangu inalia.
"Bi Bogumiła, umeme umekatika."
"Umewasha nini?"
"Birika. Na hita. Na redio."
"Fyuzi hiyo. Panda kiti, juu ya mlango—"
"Sina kiti."
"Boksi unalo?"
Kimya. Kishindo. Pumzi.
Nasikia boksi letu likilalamika chini ya nyayo zake,
kisha *tak*,
kisha redio, mtu akisoma bei za viazi,
na Kinga akicheka peke yake
kwenye nuru aliyoiwasha mwenyewe.
Akakata simu bila kuaga.
Nilibaki na mkono sikioni, kama mjinga.

Miezi ikapita. Sikumtafuta; ndiyo kanuni,
na kanuni hiyo hunikosesha usingizi.

Aprili akaja, unga wa ngano kwenye nyusi,
viatu vya kazi, haraka tele.
Hakusema asante. Alisema:
"Mna kikombe cha tatu?"

Nikampa chenye ua jekundu.
Akaweka zloti mbili mezani.
Ulimi wangu ulikwisha kusema *acha, mwanangu*,
ila macho yake yakaurudisha kinywani.

Nikafungua daftari, ukurasa wa Alhamisi,
ambako miaka tisa nimeandika *kimetolewa, kimetolewa*,
nikalowesha ncha ya penseli kwa ulimi:

kikombe, kimoja. Kimeuzwa.