Samaki Mkunje

Mimi ndiye mwalimu wa nidhamu.
Nasema mapema, usije ukanitafuta
katikati ya mistari.
Fimbo yangu ya mkwaju ilikaa juu ya kabati,
chini yake rejista ya wachelewaji,
na ukutani, kwa mwandiko wangu mwenyewe:
*Samaki mkunje angali mbichi.*

Dirisha la ofisi linatazama Mabatini,
nyumba zimeatamia mawe
kama kuku waliokataa kushuka,
na chini kabisa kipande cha ziwa
kisichozidi upana wa rula.

Minza Lugembe, kidato cha pili B,
aliletwa kwangu na daftari la hesabu
lisilo na hesabu.
Tangu Machi alikuwa na neno moja tu.
Alijibu "nipo" kwenye mahudhurio
kwa sauti ya mtu aliye chini ya maji,
kisha basi, mpaka kesho.
Nikaandika: *mkaidi*.
Kwa kalamu nyekundu. Nikapigia mstari.

Nililifungua daftari nipate ushahidi.
Ukurasa wa kwanza, kitanda,
mtu hayupo, shuka limebaki na umbo lake.
Wa pili, kitanda kilekile,
shuka limenyooshwa.
Wa tatu, wa nne, wa tano,
mama anaanika dagaa mmoja mmoja
kama anayetafuta aliyepotea.

Wa sita nilikuwa mimi.
Nilijijua kwa shati la mirabaraba, na kipara.
Uso hakuuchora.
Mkono wa kulia ulianza vizuri begani,
ukapita kiwiko,
na pale vidole vilipopaswa kuwa
paliendelea fimbo,
nayo fimbo imeota majani.

Kama angeichora kavu ningemwadhibu, nikalala.
Majani yale yaliniweka macho mpaka adhana.

Ijumaa nikaenda kwenye stoo ya zamani ya maabara
ambako Mwalimu Generosa
(wengi ofisini tulimwita mwalimu wa michezo ya watoto)
alikuwa na wanafunzi kumi na tisa
wakichemsha magugumaji kwenye sufuria la ugali.
Gugu linaloziba njia ya mitumbwi Kirumba
walilitwanga, wakalichuja kwa chandarua chakavu,
wakalianika juu ya jiwe,
na jioni lilikuwa karatasi:
nzito, ya kahawia, yenye nyuzi kama mishipa.
Mkaa wa kuchorea waliomba kwa mama ntilie wa getini.
Hakuna aliyeulizwa una nini.
Mvulana mmoja alikuwa anapaka rangi nyeusi, nyeusi tu,
na Generosa akamwongezea nyeusi.

"Nimekuja kurudisha daftari," nikasema.
"Vua saa," akasema, "kaa."
Nikapewa bonge la udongo kutoka Luchelele.
Miaka thelathini sijashika udongo
ila wa kaburi.
Vidole vikakumbuka machunga ya Kwimba kabla yangu:
nundu, pembe, shingo.
Mguu mmoja ukadondoka. Nikaubandika. Ukadondoka.
Wakacheka.
Nikatafuta sauti yangu ya nidhamu, sikuiona.

Ndipo Minza, bila kuinua macho kwenye mkaa:
"Mwalimu, kule Mwaloni mimi na mama
ndiyo kazi yetu, kukunja samaki.
Mbichi ukimkunja kwa nguvu anapasuka."
Akapuliza vumbi la mkaa.
"Kwanza unamshika.
Unamshika tu."

Sitaki kudanganya. Jumatatu alirudi kwenye "nipo" yake.
Jumatano hakuja shule.
Ijumaa alikuja, akachora kitanda,
na juu yake, kwa mara ya kwanza, paka.
Sikuuliza paka wa nani.

Maandishi yangu bado yako ukutani,
sijui niyafute au niyamalizie.
Na ng'ombe wangu wa miguu mitatu
amekauka vizuri, yuko juu ya kabati.
Hawezi kusimama peke yake.
Nimemwegemeza kwenye fimbo.