Wimbo wa Saba

Albamu ilitoka saa sita usiku, Ijumaa ikiwa bado changa.
Nilikuwa na bando la shilingi ishirini
na kapu la sare za wauguzi wa Mbagathi
zilizotakiwa zinyooke kabla ya zamu ya asubuhi.
Nikaegemeza simu kwenye sufuria, sauti ipate kuzidi,
nikasema: haya, Wakesho, tusikie ulichotukimbilia.

Sikutaka kuipenda. Hilo niliseme kwanza.

Mimi ndiye niliyesimama kikaoni, nyuma ya kanisa,
karibu na viti vya plastiki vilivyorundikwa kama mnara,
nikasema, "Ameanza kujiona."
Wanakwaya wakaitikia mmm, ile mmm ya waumini
wasiotaka kusengenya lakini hawataki kupitwa.
Yeye akainama, akafunga kamba za viatu.
Jumapili iliyofuata, upande wangu wa kulia
palikuwa na upepo.

Sasa Kayole nzima inamwimba.
Okumu wa bucha anakata mbavu kwa mdundo wa wimbo wa pili,
panga linashukia "asante", mfupa unaitikia.
Kavata wa saluni amefunga redio;
mteja anayetaka habari akasukwe kwingine.
Gitonga alikuja kudai kodi Jumatatu,
akasimama mlangoni mpaka wa nne ukaisha,
akavaa kofia yake, akasema nitarudi.
Akarudi, tusidanganyane, ila siku tatu baadaye.
Hata Bi Zuhura jirani, asiyekosa swala tano,
aliniita ukutani: "Huyo binti sauti yake imeiva.
Ongeza kidogo."
Na watoto wa ngazini wamefanya jina lake mchezo:
Wakesho wa leo, Wakesho wa jana,
Wakesho wa kesha asiyetulaza.

Tunabishana kwenye foleni ya maji.
Mitungi inasonga, sisi hatusongi.
Yupo asemaye bora ni wa kwanza, unaingia bila hodi.
Yupo anayeapa wa tano ulimwondolea kichomi.
Sibishi na aliyepona.
Lakini wa saba wanauruka. Hauna ngoma, wanasema,
hauna kinanda, ni kama alisahau kuumaliza.

Usikilizeni tena, usiku, mji ukishusha pumzi.
Kuna kiti kinachotoa mlio kabla hajaanza.
Kuna pikipiki inayopita mbali; hakuifuta.
Na kwenye kiitikio, penye neno "nishike",
sauti yake inapanda, inasimama, inangoja
mapigo manne, matupu.

Asiyejua atadhani ni madoido.
Mimi napajua hapo. Hapo ni pa sauti ya pili.
Miaka sita nimepaimba, Jumatano na Jumamosi,
bega langu kwenye lake, karatasi moja mikononi,
peremende moja ya koo tukiivunja kwa meno.

Angeweza kumlipa mtu ajaze. Studio zimejaa vijana wenye makoo.
Angeweza kujipandia mwenyewe juu yake, mashine zinaweza.
Akapaacha.

Basi nikaurudia mpaka bando likakata,
nikanunua jingine kwa pesa ya unga,
pasi ikatulia mno kwenye kola ya muuguzi mmoja,
ikaacha alama ya hudhurungi, umbo la ulimi.
Nitailipa.
Si deni kubwa kuliko yote ambayo ulimi umeniachia.

Sijampigia. Namba yake ninayo, sijaifuta.
Lakini saa kumi alfajiri, jogoo wa ploti akiwahi kama kawaida yake,
unafika wa saba, linafika "nishike",
yanafika yale mapigo manne,
naingia. Chini kidogo, kama tulivyozoea.

Bi Zuhura anagonga ukuta, mara moja tu.
Sijui ni nyamaza
au ni endelea.