Swali la Kumi na Nne

Tangazo lilibandikwa juu ya mashine ya chai.
Saa kumi na mbili asubuhi, Halifax,
mimi na ufagio wangu, na mvua
ikigonga madirisha ya ofisi ya probesheni
kama mtu aliyechelewa miadi.

Nafasi za kazi, lilisema. Tunatafuta watu wenye masikio.
Hapana, halikusema hivyo.
Lilisema ustadi wa mawasiliano,
lilisema uwezo wa kuhimili shinikizo,
leseni ya udereva ni sifa ya ziada.
Masikio niliongeza mimi,
maana miaka minne nimedeki chini ya viti vile,
nimebandua bigijii za watu wenye hofu,
na najua kiti kipi kinayumba.

Nikalikunja, Shebe, nikalitia ndani ya glavu ya mpira.

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja.
Jina: Mwanakheri. Anwani. Shule, Tanga,
ambayo ilibidi niieleze kama ndoto.
Kisha swali la kumi na nne:
je, una ndugu wa karibu aliyewahi kuhukumiwa?

Kalamu ikagoma.

Mficha uchi hazai. Nikaandika majina yako yote matatu,
nikaandika Leeds, miezi ishirini, gari la watu,
nikaandika kwamba siku uliyotoka
getini tulikuwa mimi na mfuko wa sambusa zilizopoa,
na kwamba afisa wako alibadilishwa mara nne
kabla hujachoka kujitambulisha upya
ukaacha kwenda.
Kisanduku kilikuwa kidogo.
Nikageuza karatasi, nikaendelea.

Kwenye usaili walikaa watatu.
Bi Tordoff, miwani ikining'inia kwa kamba, aliuliza:
mtu amechelewa mara ya tatu, utafanyaje?
Jibu la kitabu nililijua: onyo, barua, mahakama.
Nikasema, kwanza nitauliza basi lilipita saa ngapi.
Basi la Mixenden likifutwa, ni kutembea,
na ule mlima mimi naujua kwa magoti.
Halafu nitaandika onyo.
Huruma isiyo na kalamu
ni uji usio na bakuli.

Mmoja akacheka.
Bi Tordoff hakucheka, aliandika.

Nikapata.
Mshahara si wa kujengea ghorofa,
lakini mama ameshautangazia mtaa
kwamba mwanawe ni askari wa Uingereza.
Si askari, mama. Si hakimu. Wakili pia siye.
Basi ni nani?
Nikahangaika kwenye simu: ni yule anayekaa na mtu
baada ya mlango mmoja kufunguliwa
na kabla ya mwingine.
Mama akanyamaza kidogo.
"Kungwi," akasema. "Kungwi wa wezi."
Nilicheka hadi nikakaa chini,
na hadi leo sijapata jina linalolipita hilo.

Mtu wangu wa kwanza, Kieran Sugden,
miaka ishirini na miwili, kucha zimetafunwa,
alikwenda moja kwa moja kwenye kile kiti.
"Wewe mpya?"
Tangu Jumatatu.
"Wamekuweka kwenye majaribio?"
Miezi sita.
"Mimi kumi na minane," akasema,
na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni,
kama wafungwa wawili wanaolinganisha tarehe.

Kiti kikayumba. Nikapiga magoti,
sakafu ile ile, bila ndoo safari hii,
nikatoa lile tangazo, nikalikunja mara nne,
nikalisokomeza chini ya mguu mfupi.
Kikatulia. Si sana.

Jumatano, saa nne, Kieran.
Basi likifutwa, nipigie.

Nawe pia, Shebe.
Namba ni ile ile.