Kalenda ya Lango la Pili

Usinihubirie habari za kuziba ufa.
Ufa wetu tuliuziba mara tatu:
kwa saruji ya kuombaomba,
kwa lipu, siku aliyokuja mgeni rasmi,
na mwisho kwa kalenda.

Usiku ule chai ilitetemeka kabla yetu.
Sekunde kumi na moja. Aikande alizihesabu
mkono ukiwa juu ya chaga ya kitanda,
kama anayepima mapigo ya mgonjwa.
Kisha simu: jiko limepinduka Njoro,
kwa fundi cherehani.
Tukavaa, tukawasha injini, king'ora kikalia
ndani ya nyumba.

Lango halikufunguka.
Boriti ilikuwa imeshuka vidole viwili,
vidole viwili tu,
ikaulalia mlango wa chuma.
Lita elfu tano za maji mgongoni,
na sisi tunapiga mtaimbo kwenye ukuta wetu wenyewe;
majirani wakatoka na ndoo
wakidhani tunaoungua ni sisi.

Dakika kumi na tisa.
Fundi Mbonea alibaki na mkasi.

Mhandisi Nakijwa hakuwaletea madiwani
picha za maghorofa ya ng'ambo yaliyolala kifudifudi.
Alileta kiberiti.
Akachomoa droo, njiti zikamwagika mezani,
akalisimamisha ganda tupu, akaligusa kwa kidole.
Likalala ubavu.
"Hii ndiyo stesheni yenu. Milango mipana, miguu myembamba."
Akairudisha droo, akasukuma tena.
Likasimama.
"Ninachoomba ni hii droo."

Mmoja akauliza tetemeko lijalo ni lini.
"Na moto ujao, mheshimiwa, ni lini?"
Kimya. Mtu akakohoa.
Katika mji uitwao Moshi
hakuna aliyetaka kulijibu hilo.

Zikapita fedha za nguzo nne. Tuliomba sita.
Wala si hisani ya mtu:
ni mia tano mia tano za meza za Mbuyuni,
risiti nyembamba ambazo jua huzifuta
kabla mkungu haujaisha.

Manka, muuza mshale, alikuja zege likiwa bichi,
akasimama getini na beseni lake.
"Nguzo yangu ni ipi?"
Kamanda akatazama makaratasi yake. Sisi tukatazamana.
Aikande akamwonyesha ya kushoto,
akaokota msumari, akachora M karibu na ardhi,
pale ambapo wakaguzi hawainami.

Sasa lango linafunguka kwa mkono mmoja.
Paa bado liko kwenye bajeti ya mwakani,
na mwakani, kama ujuavyo, ni mbali.

Kalenda hatujaiondoa.
Nyuma yake Nakijwa amechora mstari wa penseli
pale ufa unapoishia, na tarehe.
Kila Jumatatu, kabla ya kukagua mipira,
naifunua,
naweka ukucha kwenye mstari,
halafu naandika daftarini: haujasogea.
Wiki iliyopita niliandika hivyo
baada ya kupima mara mbili.