Sote Watatu

Kwa lugha ya mama jina lake ni ekitera,
amepangwa safu moja na viti na vitabu,
vitu visivyokutazama.
Kiswahili nilijifunza ukubwani, kwa madereva wa malori ya miwa,
nikakuta sokwe anakula, sokwe amelala,
sokwe wawili walikuja,
kana kwamba sarufi iliwafungulia mlango wa mbele
bila kutuuliza.

Lakini mkono ule sikuusoma kwenye sarufi.

Nje ya Hoima msitu umebaki utepe
kati ya miwa na miwa,
na mfenesi wetu umesimama pembeni mwake.
Jumatatu alikuja jike mmoja. Kiganja cha kushoto hana,
kilibaki kwenye mtego wa chuma, mwaka ule wa ukame.
Akapanda. Akaligonga fenesi kubwa kwa konzi ya mkono mzima,
ko, ko,
akatega sikio, akanusa kidole,
akashuka bila kulichuma.

Mimi nilikuwa na fomu ya ofisi magotini.
Saa: mbili na robo. Chakula: hakula.
Tabia: nafasi ya sentimita nne.
Nikaandika "anafikiri", nikafuta.
Wangeniuliza, umejuaje?
Na kweli, nimejuaje?
Hata mama, miaka arobaini, nimejuaje?

Jumanne akatoka yeye, Kabasinguzi binti Isingoma,
kisu kimepakwa mafuta kisishikwe na utomvu.
Akaligonga lile lile. Ko, ko. Shingo upande.
"Bado," akasema, "mpaka keshokutwa," akarudi jikoni.
Hapo nikadhani nimeipata tofauti:
huyu siku yake ina jina, anaitamka.
Yule wa mtini, ya kwake aliiweka wapi?

Maana aliiweka.
Alhamisi alfajiri kikonyo kitupu kinadondosha maziwa,
kokwa zimetemwa njia nzima hadi kijitoni.

Mama alitukana mpaka kuku wakahama uani.
Akaapa kwenda kwa mwenyekiti wa LC,
akakumbuka kuwa mshtakiwa haitiki wito.
Kisha, kwa Kinyoro kile kile
kinachomweka sokwe pamoja na viti,
hakuuliza ni nini kimekula.
Aliuliza, "Nooha?" Nani?
akautazama msitu muda mrefu kidogo
kuliko mtu asiyengoja jibu.

Tabia: sijaijaza bado.
Juu kuna fenesi la pili, dogo, bichi.
Sote watatu tunalihesabia.