Anakula Yeye, Anashiba Nani

Kazi yangu ni kuupasha mji huu moto.
Usiku kucha nalisha tanuri makaa,
maji yachemke, yapite mabombani
hadi vyumbani mwa watu nisiowajua.
Asubuhi narudi ghorofa ya saba, Ulaanbaatar,
baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri,
namkuta Delgermaa dirisha kaliacha wazi,
kavaa fulana, jasho linamchuruzika mgongoni.
"Mnachoma makaa mengi mno," ananiambia.
Nikacheka.
Hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Na alikuwa anakula, lo!
Buuz kumi na tano, zimejaa nyama ya kondoo,
kisha mkate, usiku wa manane, kasimama jikoni.
Bado sketi ikampwaya, akaibana kwa pini.
Majirani wakamsifu: umerudi usichana.
Mama yake peke yake hakusifu.
"Anakula yeye," alisema, "anashiba nani?"

Halafu kikombe:
chai ya maziwa na chumvi ikicheza kisosini
kana kwamba treni inapita chini ya meza.
Nywele kwenye kitana. Saa tisa za usiku
anafua mapazia yaliyofuliwa jana.
Hasira, kisa kijiko kimeanguka,
na kilio baada ya hasira.
Nilidhani kuna mtu.
Naandika haya kwa aibu: niliipekua simu yake.

Usiku mmoja nililaza sikio kifuani pake.
Katulia, hakupanda ngazi, hakugombana na mtu,
na moyo unakwenda mbio, mbio.
Mimi ni mtu wa mitambo.
Naijua sauti ya vali
iliyofunguliwa ikasahauliwa.

Daktari Munkhtuul hakuwa na haraka.
Nyoosha mikono, alisema, tandaza vidole.
Akalaza juu yake karatasi tupu,
nayo ikatetemeka, ikasema
yale tuliyokuwa tukifichana.
Akayatazama macho, yamekodoka kidogo,
kama ya mtu aliyeitwa jina kwa ghafla.
Akampa maji. Meza.
Shingoni kitu kikapanda na funda, kikashuka nalo.
"Tezi," alisema. "Inafanya kazi kupita kiasi.
Tupime damu, ndiyo itakayothibitisha."

Vidonge vina wiki ya sita sasa.
Leo nimerudi, dirisha limefungwa.
Kalala na soksi miguuni.
Nikamshika kiganja, nikatazama saa, nikahesabu:
themanini na mbili.
Blanketi lote kalivutia upande wake.
Nikajilaza hivyo hivyo, bila.